Jaji Constance Baker Motley na Kazi ya Jaji wa Mahakama ya Shirikisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, wengi wao wanafunzi wa sheria, ambao wamesikia habari za Motley wakili na wangependa kumjua Motley jaji. Kwa takriban miaka ishirini mwanamke huyu Mmarekani mweusi alisimama mbele ya majaji wa mahakama za shirikisho za Marekani akiwaombea wengine haki. Kisha, kuanzia mwaka 1966, akakaa mwenyewe kwenye kiti hicho kwa miaka 39. Wanaosimulia maisha yake mara nyingi huishia pale alipoapishwa, kana kwamba ujaji ulikuwa tuzo ya kazi iliyokwisha. Mimi naona kwamba sehemu ya pili ndiyo inayofundisha zaidi, maana humo tunamwona mtu aliyewahi kuumizwa na majaji wabaya akijifunza kuwa jaji mwema.

Motley alitoka katika familia ya namna gani?

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1921 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, akiwa mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walihamia huko kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Baba alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale; mama alifanya kazi za ndani, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tawi la New Haven la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Akiwa na umri wa miaka 15 hivi alizuiwa kuingia ufukweni kuogelea kwa sababu ya rangi yake, na tangu hapo akaanza kuzungumza hadharani juu ya haki. Alipotamka kwamba anataka kuwa wakili, mama yake alimshauri afanye kazi ya ususi.

Nani alimlipia masomo?

Familia haikuwa na uwezo huo. Jioni moja, katika kituo cha kijamii kiitwacho Dixwell, uliitishwa mkutano wa kujadili kwa nini watu weusi wa mtaa ule hawakukitumia kituo kilichojengwa kwa ajili yao. Motley, msichana aliyekuwa amemaliza sekondari tu, alisimama na kusema kwamba watu weusi hawakushirikishwa katika kukiendesha, na kwa hiyo hawakukiona kuwa chao. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Clarence Blakeslee, mfanyabiashara mzungu aliyekuwa ametoa fedha za kukijenga kituo chenyewe. Mtu mwingine angenuna. Blakeslee alimwita, akamuuliza kwa nini hayuko chuoni, na aliposikia kwamba kikwazo ni fedha akaahidi kumlipia mpaka mwisho. Motley alianza katika Chuo Kikuu cha Fisk kilichoko Nashville, akahamia Chuo Kikuu cha New York na kuhitimu mwaka 1943, kisha akamaliza shahada ya sheria Columbia mwaka 1946.

Jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho ni sawa na hakimu wa wilaya wa kwetu?

Hapana, na jina ndilo linalopotosha. Msomaji wa Tanzania akisikia mahakama ya wilaya humkumbuka hakimu, aliye chini ya Mahakama Kuu. Nchini Marekani wilaya ni eneo la mamlaka ya mahakama ya serikali ya shirikisho. Ziko 94 nchi nzima, na jaji wake kwa uzito anakaribiana zaidi na jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya au ya Tanzania. Husikiliza kwa mara ya kwanza kesi za jinai zinazotokana na sheria za shirikisho, mashauri ya madai yanayogusa Katiba au sheria za Bunge la nchi, na baadhi ya migogoro kati ya raia wa majimbo tofauti. Juu yake kuna mahakama za rufaa, na juu ya hizo kuna Mahakama ya Juu yenye majaji tisa.

Hata hivyo, neno “chini” lisimdanganye mtu. Mahakama ya rufaa haiwaoni mashahidi. Husoma kumbukumbu za mwenendo wa shauri. Aliyemwona shahidi akisita, aliyesikia sauti yake ikipungua anapoulizwa maswali ya dodoso, ni jaji aliyesikiliza shauri, na ndiyo maana mahakama za juu haziutengui upesi uamuzi wake kuhusu nini kilitokea isipokuwa pale kosa linapokuwa wazi. Mashauri mengi hayafiki mbali zaidi ya hapo. Kwa mtu wa kawaida, sura ya sheria ya nchi ni sura ya jaji huyu.

Kabla ya kuwa jaji, alifanya kazi gani?

Mwaka 1945, kabla hajahitimu, aliajiriwa na Thurgood Marshall, wakili mweusi ambaye baadaye naye alikuwa jaji wa shirikisho, katika Mfuko wa Utetezi wa Kisheria wa NAACP, akabaki huko karibu miaka ishirini. Ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya hati ya madai katika shauri la Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, lililofikia uamuzi wa mwaka 1954 wa kuharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Mwaka 1961 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoa hoja mbele ya Mahakama ya Juu. Alisimama hapo mara kumi na kushinda mara tisa. Lile moja aliloshindwa, kuhusu kuwaengua weusi katika uteuzi wa juri, yaani raia wanaoitwa kuamua kesi, msingi wake ulikuja kubomolewa na mahakama hiyohiyo mwaka 1986.

Lakini ushindi wa mahakama ya juu ulitanguliwa na siku ngumu katika mahakama za wilaya za majimbo ya Kusini, na hapo ndipo alipojifunza ujaji kwa kuutazama. Januari 1961, katika jimbo la Georgia, Jaji William Bootle aliusikiliza ushahidi, akaona kwamba chuo kikuu cha jimbo kilikuwa kinawakataa Hamilton Holmes na Charlayne Hunter kwa sababu ya rangi yao, akaamuru wapokewe mara moja. Mwaka uliofuata, Mississippi, Jaji Sidney Mize alisikiliza shauri la James Meredith, kijana mweusi aliyekataliwa na chuo kikuu cha jimbo hilo, lenye ushahidi wa namna hiyohiyo, akaandika kwamba Meredith hakukataliwa kwa ajili ya rangi. Mahakama ya rufaa ililazimika kuutengua uamuzi huo, na kwa kipindi chote hicho Motley alikuwa akisafiri kwenda Mississippi na kurudi, safari zaidi ya ishirini. Mei 1963, huko Birmingham, jimbo la Alabama, zaidi ya wanafunzi 1,000 walifukuzwa shule kwa kushiriki maandamano. Jaji wa wilaya alikataa kuwarudisha, na siku hiyohiyo Jaji Elbert Tuttle wa mahakama ya rufaa akaamuru warudishwe. Katiba ni ileile, hati ni za wakili yuleyule, ila waliokaa kitini walikuwa tofauti. Ukitaka kuelewa kwa nini baadaye alikuwa jaji mwangalifu kiasi kile, anzia hapo.

Aliingiaje katika ujaji?

Jaji wa shirikisho huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Hakuna mtihani wala ngazi za kupanda kutoka uhakimu. Wengi wanatoka katika uwakili, uendesha mashtaka au siasa. Motley alipitia siasa kwa muda mfupi: mwaka 1964 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Seneti ya Jimbo la New York, na mwaka 1965 mwanamke wa kwanza kushika uongozi wa eneo la Manhattan.

Rais Lyndon Johnson alimteua Januari 1966 kwa Wilaya ya Kusini ya New York. Mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti, ambako jina lilipaswa kupitia, alikuwa James Eastland wa Mississippi, jimbo lilelile ambalo Motley alikuwa amelishinda mahakamani katika shauri la Meredith. Eastland alilikalia jina kwa miezi saba na kumtuhumu mteuliwa kuwa na uhusiano na wakomunisti. Seneti ilimthibitisha tarehe 30 Agosti 1966, na hivyo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho katika historia ya Marekani.

Kwa nini majaji hawa hupewa kazi ya maisha?

Katiba inasema watashika nafasi zao maadamu mwenendo wao ni mwema, na mshahara wao hauwezi kupunguzwa wakiwa kazini. Lengo ni kwamba jaji anapotoa uamuzi usiompendeza Rais, gavana au mpiga kura, asiwe na hofu ya kukosa ugali wa kesho. Kumwondoa kunahitaji ashtakiwe na Baraza la Wawakilishi na kutiwa hatiani na Seneti; tangu nchi hiyo iundwe ni majaji wanane tu walioondolewa kwa njia hiyo. Kinga hii ina upande wake wa pili, kwani jaji kama Mize naye aliifaidi. Bado naamini ni bora kuwa nayo, kwa sababu Bootle na Tuttle, walioishi katikati ya watu wenye hasira nao, wasingeweza kuandika walichoandika kama ajira yao ingetegemea radhi ya jirani.

Je, mtu aliyetumia maisha yake kupinga ubaguzi anaweza kusikiliza kesi ya ubaguzi bila upendeleo?

Swali hili aliulizwa mwenyewe, rasmi na kwa maandishi, mwaka 1975. Mwanasheria mmoja mwanamke alikuwa ameishtaki kampuni kubwa ya mawakili ya Sullivan & Cromwell, akidai kwamba inawabagua wanawake katika kuajiri. Shauri lilipoangukia mikononi mwa Motley, upande wa kampuni ulimwomba ajiondoe. Hoja ilikuwa kwamba yeye ni mwanamke, na kwamba katika uwakili wake alikuwa amewatetea watu waliobaguliwa, hivyo ingekuwa vigumu kwake kutopendelea.

Motley alikataa. Alieleza kwamba kama asili ya jaji, jinsia yake au rangi yake ingetosha kumwondoa katika shauri, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile ambaye angeweza kulisikiliza, maana kila mmoja wao alikuwa na jinsia na rangi, na wengi wao walitoka katika kampuni za mawakili. Jibu hilo ni fupi, nami kila nikilirudia nazidi kuliheshimu. Hakudai kwamba yeye hana maisha yaliyomjenga. Alichokataa ni dhana iliyojificha ndani ya ombi lile, kwamba mwanamume mzungu akikaa kitini anakuwa hana asili yoyote, na kwamba asili ni ya wengine peke yao. Mawakili wa Marekani bado huutaja uamuzi huo kila ombi la namna hiyo linapojitokeza. Shauri lenyewe baadaye lilimalizika kwa makubaliano.

Shauri la mfungwa Martin Sostre lilihusu nini?

Hili ndilo ningependa kila mwanafunzi alisome. Sostre alikuwa amefungwa katika gereza la Green Haven, New York, na alikuwa amejisomea sheria mwenyewe gerezani. Juni 1968 aliwekwa katika kifungo cha upweke, akatengwa na wenzake siku 372. Aliandika malalamiko kwamba aliadhibiwa kwa sababu ya imani zake za kisiasa na kazi yake ya kisheria, na karatasi hizo zikafika mezani kwa Motley.

Julai 1969 aliamuru Sostre atolewe upweke. Katika hukumu ya mwaka 1970 alipanga fidia, na namna alivyoihesabu inaonyesha akili ya jaji wa ngazi ile: dola 25 kwa kila siku aliyotengwa, na dola 10 zaidi kwa kila siku kama adhabu kwa waliohusika. Siku 372 zikizidishwa kwa dola 35 ni dola 13,020. Hakuandika kiasi cha jumla kilichochotwa hewani. Kila siku ya upweke ilipata thamani yake, mojamoja, kana kwamba mtu alikuwa amesimama mlangoni akizihesabu.

Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilipunguza sehemu kubwa ya uamuzi wake. Ilikataa kwamba kifungo cha upweke peke yake ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba, na ikazifuta zile dola 10 za kila siku. Zile 25 zilibaki, kwa kuwa hata majaji wa juu waliona kwamba mfungwa alikuwa ameadhibiwa kwa fikra zake. Kutenguliwa ni sehemu ya kazi hii. Jaji hupokea uamuzi wa walio juu yake na kuufuata katika shauri linalofuata, hata kama moyoni anauona una kasoro.

Ni kweli kwamba aliwafungulia waandishi wanawake vyumba vya wachezaji?

Ni kweli, mwaka 1978. Melissa Ludtke, mwandishi wa jarida la Sports Illustrated, alikuwa amezuiwa mwaka 1977 kuingia chumba cha wachezaji wa besiboli katika uwanja wa Yankee, ambako waandishi wanaume walikuwa wakifanya mahojiano yao baada ya mchezo. Wakuu wa besiboli walitoa sababu ya faragha ya wachezaji. Ugumu wa kisheria ulikuwa huu: ulinzi wa Katiba dhidi ya ubaguzi huibana serikali, haumbani mtu binafsi. Motley alionyesha kwamba uwanja ule ulikuwa mali ya Jiji la New York, uliokodishwa kwa timu, na hivyo serikali ilikuwa na mkono katika katazo lile. Kuhusu faragha alisema kwamba mapazia na taulo zingetosha, bila kuwanyima wanawake wote kazi yao. Kamera za televisheni, alikumbusha, zilikuwa tayari zinaingia humo.

Je, aliamua mashauri ya haki za kiraia tu?

La. Jaji wa wilaya hachagui mashauri. Hugawiwa kwa bahati nasibu, na Wilaya ya Kusini ya New York, yenye Manhattan na soko lake la fedha, ina mashauri ya kila aina: hisa, benki, dawa za kulevya, hakimiliki. Mwaka 1991 Motley aliamua shauri la wachapishaji dhidi ya kampuni ya kutoa kopi ya Kinko's. Msomaji aliyesoma chuo kikuu Dar es Salaam au Nairobi anavijua vibanda vya kutoa kopi vilivyo karibu na geti: mhadhiri anaacha orodha ya sura za vitabu, kibanda kinazikusanya, mwanafunzi ananunua rundo lililobanwa kwa plastiki. Kinko's ilikuwa ikifanya jambo hilohilo kwa faida bila kuwaomba ruhusa wenye vitabu, nayo ikajitetea kuwa ni matumizi halali kwa ajili ya elimu. Motley alikataa utetezi huo na kuamuru ilipe fidia ya dola 510,000. Walioamini kwamba angempendelea mnyonge siku zote walishangaa. Alisoma sheria ya hakimiliki kama ilivyoandikwa, akauliza nani anapata faida, akaamua.

Nani huamua nini, kati ya jaji na juri?

Juri ni raia wa kawaida walioitwa kutoka katika jamii. Katika kesi za jinai za shirikisho huwa 12 na lazima wakubaliane wote kabla mtu hajatiwa hatiani. Wao huamua ukweli wa mambo. Jaji huwaeleza sheria, huamua ushahidi upi waruhusiwe kuusikia, na kwa kawaida ndiye hupanga adhabu. Pale ambapo hakuna juri, jaji hubeba yote mawili.

Mahakama ya Wilaya ya Kusini ya New York ina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, tena wa uchungu. Mabomu yaliyolipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 yaliua watu 224, na watuhumiwa walishtakiwa katika mahakama hiihii. Motley hakusikiliza kesi hizo. Mwaka 2001 mwenzake, Jaji Leonard Sand, aliendesha kesi ya washtakiwa wanne waliotiwa hatiani na kufungwa maisha baada ya juri kushindwa kuafikiana juu ya adhabu ya kifo kwa wawili kati yao. Mwaka 2010 Jaji Lewis Kaplan alisikiliza kesi ya Mtanzania Ahmed Ghailani, na alimkataa shahidi muhimu wa serikali kwa sababu habari za shahidi huyo zilipatikana kwa kumlazimisha mshtakiwa kusema. Juri ilimwondolea Ghailani makosa yote isipokuwa moja, akafungwa maisha kwa hilo moja.

Uhusiano mwingine unapitia kwa mwajiri wake wa kwanza. Mwaka 1960 Thurgood Marshall alifika Nairobi, kisha akawa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba ya Kenya uliofanyika Lancaster House, London, ambako aliandaa rasimu ya haki za msingi. Jengo la zamani la mahakama hiyo ya New York, lililoko Foley Square huko Manhattan, sasa lina jina la Marshall.

Kwa nini hakupanda kwenda mahakama ya rufaa au Mahakama ya Juu?

Johnson mwanzoni alifikiria kumpeleka mahakama ya rufaa, kwenye kiti alichokiacha Marshall, lakini upinzani ulikuwa mkubwa akaacha. Baada ya hapo nafasi haikumfikia. Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa wilaya yake, cheo kinachokwenda kwa utangulizi wa kazini na chenye shughuli nyingi za utawala, akakishika hadi 1986. Mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 65, akawa jaji mwandamizi. Katika hadhi hiyo jaji anaweza kupunguza mashauri au kuacha kabisa, na mshahara wake unaendelea. Motley aliendelea kusikiliza mashauri. Shauri la Kinko's alilikuta akiwa tayari katika hadhi hiyo. Alikuwa bado jaji alipofariki jijini New York tarehe 28 Septemba 2005, akiwa na umri wa miaka 84.